Choo Kimeziba na Bafu Linakibubujisha: Anzia kwenye Chemba

Swali: Assalamu alaykum. Tunaishi Mpendae, Unguja, katika nyumba ya chini yenye choo kimoja cha kukaa na bafu lililo ukuta mmoja nacho. Tangu Jumatatu maji ya choo yanapanda karibu na ukingo, kisha yanashuka polepole kwa robo saa nzima. Mume wangu ameingiza waya, mimi nimemwaga ndoo nyingi za maji, na jana usiku tulitia ule unga wa kuzibulia unaouzwa dukani. Linalonishangaza ni kwamba nikimwaga maji ya kufulia bafuni, choo kinabubujika. Mama mkwe ananishauri nitie asidi. Je, nitie? Na nifanye nini kabla ya kuita fundi?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, dada yangu. Asidi usitie, si leo wala kesho, na mama mkwe umweleze kwa adabu kwamba dawa yake inafaa kwa madoa, haifai kwa choo ambacho tayari kina dawa nyingine ndani yake. Unga wa kuzibulia unaouzwa madukani kwa kawaida ni kostiki soda, kitu ambacho huyatia maji joto kali pindi kinapoyeyuka. Asidi ya choo, ambayo mara nyingi ni ya haidrokloriki, ikikutana na unga huo ndani ya shingo nyembamba iliyojaa maji, joto hupanda kwa ghafla na mchanganyiko wote huruka juu, yaani usoni mwa aliyeinama. Ukiongeza na jiki kwa nia ya kuondoa harufu, asidi hiyo itaitoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja tu karibu na dari.

Mimi nina kovu kwenye kigasha cha mkono wa kushoto nililolipata katika nyumba niliyoitwa kuzibua choo, mwenyewe akiwa ametia kostiki asubuhi na asinieleze. Nilisukuma mpira wa kuzibulia mara mbili tu, maji yakaruka. Nilihisi kama maji ya moto, nikayapangusa kwa shati, na kupangusa huko ndiko kulikonimaliza, kwa sababu kostiki haipanguswi. Huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, na ikiingia jichoni unaosha hivyo hivyo huku mwenzako akitafuta gari la kukupeleka hospitali.

Sababu ya pili ya kuikataa asidi inatugusa sisi wa visiwani zaidi kuliko wengine. Asidi inakula chokaa. Nyumba kongwe za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na pale ambapo bomba la choo limepitishwa ukutani na kiungo chake kinavuja, kila chupa ya asidi inayomwagwa ghorofani inakula kidogo cha kile kinachoushika ukuta. Nyumba yako ya Mpendae huenda ni ya matofali ya saruji, lakini plasta ya chemba ya maji machafu nayo inalika, na chini ya karo, yaani shimo yanamoishia maji ya choo, kuna jiwe lile lile la matumbawe, lenye vitundu na nyufa, ambalo ndani yake yamo maji ya visima vyetu. Sehemu kubwa ya maji tunayoyatumia Unguja inatoka chini ya ardhi. Tunachokimwaga chooni hakiendi mbali kama tunavyodhani.

Sasa tuje kwenye kububujika, maana hapo umeshajijibu nusu ya swali bila ya kujua.

Ndani ya choo cha kukaa mna shingo iliyokunjwa, ambayo daima hubakiwa na maji ya kina cha sentimita 5 hivi ili harufu ya karo isirudi ndani ya nyumba. Baada ya shingo hiyo kuna bomba, kwa kawaida la inchi 4, linalotoka nje ya ukuta, na mahali fulani njiani, ama chini ya sakafu ama uani, maji ya bafu yanaungana nalo. Ikiwa kilichoziba kiko ndani ya shingo yenyewe, bafu lingeendelea kunywa maji kama kawaida na choo kisingekuwa na habari nalo. Kwako sivyo. Maji ya kufulia yanashuka, yanakuta mbele hapapitiki, yanarudi nyuma na kuisukuma hewa iliyobaki bombani, na hewa hiyo inatokea kwenye tundu la karibu, ambalo ni shingo ya choo chako. Maana yake ni kwamba kizuizi kiko mbele ya pale mabomba mawili yanapokutana. Waya wa mume wako, hata ungekuwa wa mita moja na nusu, haukufika. Na afadhali haukufika, kwa sababu waya mwembamba ukikuta tambara hulitoboa tundu dogo, maji yakapita, watu wakashukuru, na baada ya siku mbili tambara likajikunja upya na kuziba zaidi.

Bomba la kupumulia, lile linalopanda juu kutoa hewa ya mabomba, likizibwa na kiota cha ndege au majani huweza pia kukifanya choo kibubujike, lakini peke yake haliyapandishi maji mpaka ukingoni, kwa hiyo kwa leo liache. Wanaokaa katika majumba ya ghorofa, kama yale ya Michenzani, wao wana hukumu nyingine: choo cha ghorofa ya chini kikibubujika au kupanda maji wakati jirani wa juu anaoga, bomba lililoziba ni lile la pamoja, na kuhangaika na choo chako mwenyewe ni kazi bure. Hapo jambo la kwanza ni kugonga mlango wa juu na kuomba watu wasitishe maji kwa muda.

Kabla ya kugusa chochote, shughulikia ule unga wa jana. Bahati yako ni kwamba maji yanashuka, japo polepole, kwa hiyo dawa inaweza kusuuzika. Vaa glavu za mpira na miwani, hata kama ni ya jua, kisha mimina maji ya kawaida, kama lita mbili kwa kila mara, ukiyatelezesha ubavuni mwa choo bila ya kuyarusha, na usubiri yashuke kabisa ndipo umimine tena. Fanya hivyo mara sita au saba ndani ya saa kadhaa, na bafu lisitumike muda huo. Maji yasiwe ya moto. Wako wanaomwaga maji yanayochemka wakitumaini kuyeyusha uchafu, na wanachokipata ni sinki la choo lililopasuka kwa joto la ghafla, au bomba la plastiki lililolegea na kujipinda.

Baada ya hapo toka nje uitafute chemba. Ni kile kisanduku cha saruji chenye mfuniko, mara nyingi kiko mita mbili au tatu kutoka ukuta wa choo, na katika nyua zetu mara nyingi kimefukiwa mchanga au kimewekewa pipa la maji juu yake. Usiutilie mkono mfuniko wake. Ingiza ncha ya mtarimbo ukingoni, uuinue kidogo, uache hewa itoke kwa dakika chache huku umesimama upande upepo unakotokea, kisha uuburure pembeni. Watoto wawe ndani ya nyumba. Sigara na kibatari visisogee, kwani hewa inayotoka humo huweza kuwa na methani, nayo inashika moto.

Chungulia. Ukikuta chemba tupu, chini yake kuna kimfereji kikavu au chenye unyevu kidogo tu, basi kizuizi kiko baina ya nyumba na chemba, na hii ndiyo habari njema kuliko zote. Ukikuta imejaa maji yaliyotuama, kizuizi kiko mbele zaidi, kuelekea kwenye karo, au ni karo lenyewe. Kama hujaridhika, mwambie mtu amimine ndoo moja bafuni nawe utazame: maji yakitokeza kwenye tundu la upande wa nyumba na kuishia kuelekea karo bila ya kusita, basi nimekosea mimi na njia iko wazi, lakini kwa dalili ulizozitaja sitarajii hivyo.

Chemba ikiwa tupu, kazi inafanywa kutokea nje kurudi ndani, si kutokea chooni. Kifaa ambacho mafundi wengi tunakitumia ni kipande cha mpira mweusi wa maji wa nusu inchi, ule unaouzwa kwa roli, wenye ugumu wa kusukumika na ulaini wa kupita kwenye kona. Mita tano au sita zinatosha kwa nyumba kama yako. Ncha ikatwe sawasawa na ipigwe tupa isiwe na makali, kwani bomba la plastiki linakwaruzika, na kila mkwaruzo baadaye hunasa nyuzi. Nondo usiitumie kabisa. Nimeshachimbua sakafu nzima kwa sababu ya nondo iliyotoboa kona ya bomba, na maji machafu yakawa yanaingia chini ya vigae kwa miezi bila ya mtu kujua.

Sukuma mpira huo taratibu kuelekea nyumbani huku ukiuzungusha. Mkono utakueleza. Ukigonga kitu kigumu kinachorudisha mtetemo, hiyo ni kona: zungusha, vuta kidogo, sukuma tena, utapita. Ukihisi kitu kinachobonyea na kurudi kama godoro, hicho ndicho. Usikisukumie mbali zaidi kwa nguvu. Kichokoechokoe kwa mapigo mafupi mpaka kilegee, na wewe usimame ubavuni mwa chemba, wala usijiweke mbele ya tundu, kwa sababu yaliyojazana nyuma yake yatakuja yote kwa pamoja na hayatakupigia hodi. Kabla ya kuanza, weka kwenye tundu la kuelekea karo wavu wa waya au chekeche bovu. Jambo hili mafundi wengi wanalipuuza: tambara linatoka upande huu, linasafiri na maji, linakwenda kuziba bomba la mbele, na baada ya wiki mteja anaita tena. Likinaswa hapo unaliokota kwa koleo, unalifunga na kulitupa kwenye taka, na unapata kujua ni nini kilichofanya yote haya. Mimi nimetoa kipande cha kanga, miswaki, mfuniko wa kopo la kuchambia, na wakati mmoja kandambili ya mtoto nzima.

Chemba ikiwa imejaa, usiingize kitu bado. Umesema ni tangu Jumatatu, na kama huko kwenu mvua za masika zimeshaanza, nashuku kwamba kilichoziba si bomba. Makaro mengi ya mitaa yetu ni mashimo ambayo maji yake hunywewa na ardhi, na ardhi iliyoshiba mvua hainywi tena. Wanaokaa karibu na ufuo, kama Malindi na Funguni, wana mgeni wa pili, nalo ni bamvua: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa zaidi ya kawaida, maji ya chini ya ardhi karibu na pwani hupanda nayo, na choo kilichokuwa kizima asubuhi hukataa maji mchana, kisha hukubali tena bahari ikitoka. Watu hao hutia dawa wakati wa kujaa, choo kikafunguka wakati wa kupwa, na sifa akapewa mwenye duka.

Lipo jaribio jepesi lisilohitaji fundi. Piga mstari wa chaki au mkaa kwenye ukuta wa ndani wa chemba, pale maji yalipofika, kisha nyumba nzima isimwage maji kwa saa tatu au nne. Yakishuka kidogo kidogo, iko njia lakini ni nyembamba au karo linakunywa kwa shida. Yasiposhuka hata kidogo, fungua kwa tahadhari ile ile tundu la kuchungulia la karo: kama karo lina nafasi na chemba imejaa, bomba la katikati ndilo lililoziba, na ule mpira mweusi utafanya kazi kutokea kwenye chemba kwenda mbele. Kama karo limejaa mpaka kwenye mdomo wa bomba, hakuna mpira wala dawa itakayosaidia, na kinachohitajika ni gari la kunyonya.

Hata gari lenyewe lina wakati wake. Karo likinyonywa katikati ya masika huku ardhi imelowa, linaweza kujaa tena baada ya siku chache kwa maji ya ardhini, nawe umelipa bure; na kama karo lako ni tangi la plastiki lililofukiwa, tangi tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji huweza kunyanyuka na kuyavunja mabomba. Kama mnaweza kuvumilia, mwambieni mwenye gari anyonye sehemu tu, kiasi cha kukupeni nafasi, na kazi kamili ifanyike wakati wa kiangazi. Kwa vyovyote mtu asiingie karoni, hata kama ni kijana shupavu aliyezoea, hata kama ni kuokota kitu mara moja. Humo mna haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza, na ikizidi pua haiihisi tena, mtu akadhani harufu imekwisha wakati ndiyo inamwangusha, na anayeingia kumwokoa huanguka juu yake.

Kwa wasomaji wengine ambao choo chao kimeziba peke yake na bafu halina neno, kwao shingo ndiyo yenye tatizo na mpira wa kuzibulia unatosha. Chagua ule wenye ulimi wa ndani unaoingia kwenye tundu, kwani ule bapa ni wa sinki la jikoni. Maji yaufunike mpira. Yakiwa machache ongeza, yakiwa mengi subiri au teka kwa kopo la kutupwa. Uingize ukiwa umelala ubavu ili hewa itoke, kisha uusimamishe, na msukumo wa kwanza uwe wa polepole. Watu hukazania kusukuma, lakini kinachong'oa zaidi ni kuvuta: sukuma pole, vuta kwa nguvu, mara 15 au 20 bila ya kuinua ukingo. Usipokuwa nao, funga matambara kwenye mti wa ufagio mpaka yawe donge la kukaribia upana wa tundu, yavishe nailoni nzito, ukaze kwa kamba, ufanye vile vile. Hayo yote ni kwa choo ambacho hakijatiwa dawa yoyote.

Umeniuliza cha kufanya sasa, hukuniuliza kwa nini kimeziba, lakini nitagusa mambo mawili kwa sababu yasipoangaliwa utaniandikia tena. Sisi tunaochamba kwa maji hatusumbuliwi sana na karatasi. Tunasumbuliwa na uchache wa maji yenyewe. Siku mfereji unapokauka watu hufukuzia choo kwa kata moja au mbili, uchafu ukavuka shingo lakini ukabaki njiani, ukakauka, na wa kesho ukasimama juu yake. Choo kinataka lita 6 au zaidi zinazoingia kwa mkupuo. Ni afadhali kufukuza mara chache kwa ndoo nzima, ukiimimina kwa mkupuo kwenye tundu kutoka usawa wa kiuno, kuliko kila mara kwa kata. La pili ni hayo maji ya kufulia, ambayo hubeba mchanga, nyuzi na sabuni iliyoganda, na hukaa pale hasa mabomba mawili yanapoungana. Weka kichujio cha waya kwenye tundu la bafu. Pedi na pampasi sizitaji kwa kirefu. Zimetengenezwa zifyonze maji na kuvimba, na ndivyo zifanyavyo ndani ya bomba.

Kama chemba iko wazi na fundi yupo, mwombe apime mteremko. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita, na lililolala sawa litaziba kila mwaka hata mkiwa watu wa uangalifu. Aangalie pia mizizi. Mkungu au mwembe uliopandwa karibu na chemba hupenyeza nyuzi zake kwenye kiungo chochote chenye unyevu, na ndani ya bomba nyuzi hizo hufumana kama ndevu.

Mkishamaliza, pale palipomwagika maji machafu osheni kwa sabuni kwanza, kisha kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, muiache dakika 10 kabla ya kusuuza. Kama kuna kisima karibu na chemba iliyofurika, chemsheni maji yake ya kunywa. Mji huu ulipigwa na kipindupindu kikubwa mwaka 1869 na 1870, na ugonjwa huo husafiri kwa njia hii hii ya uchafu kuingia kwenye maji.

Na fundi utakayemwita, kabla hajavua viatu, mwambie mlitia unga gani, kiasi gani na saa ngapi, na umwoneshe pakiti yake. Kisha mwoneshe mstari wako wa chaki. Akikutaka mbomoe sakafu kabla ya kuitazama chemba, mpe chai, umwombe akachungulie kwanza.